Ramani za Mtandaoni na Watumiaji Wake: Historia ya Mageuzi ya Google Maps na Malalamiko Yaliyofuata

Mwaka 2013 kampuni ya Google ilianza kuiondoa, hatua kwa hatua, ramani ya mtandaoni ambayo mamilioni ya watu walikuwa wamejifunza kuitumia kwa miaka minane, ikaweka mahali pake ramani nyingine yenye jina lile lile, anwani ile ile na barabara zile zile, lakini iliyofanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Malalamiko yaliyozuka yalielezwa na wengi, wakati ule na hata baadaye, kuwa ni tabia ya kawaida ya binadamu ya kukataa kila kigeni. Maelezo hayo hayatoshi. Huduma hiyo ikifuatwa tangu chimbuko lake, inadhihirika kwamba wengi waliolalamika walikuwa watu walioondolewa zana walizozitegemea katika kazi zao, na walioziondoa walikuwa wakuu wa kampuni ambayo watumiaji hawakuwa na kiti katika vikao vyake.

Ramani ya kusubiriwa, 1993–2004

Ramani ya kwanza iliyojulikana sana katika wavuti ilitengenezwa mwaka 1993 na Steve Putz katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California. Ilikuwa picha ndogo ya dunia ambayo mtu aliweza kuibonyeza ili kusogea au kukaribia mahali fulani, na kila alipobonyeza, ombi lilisafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia kompyuta nyingine, ambayo ilichora picha mpya nzima na kuirudisha. Mwezi Februari 1996 ikafuata MapQuest, iliyotolewa na kampuni ya GeoSystems, ambayo mizizi yake ilikuwa katika idara ya uchoraji ramani ya wachapishaji wa R.R. Donnelley wa Chicago. Wamarekani waliipokea kwa hamu kubwa, kiasi kwamba mwishoni mwa 1999 kampuni ya AOL ilitangaza kuinunua kwa bei iliyozidi dola bilioni 1.

Matumizi yake yalihitaji subira. Ramani ilikuwa kisanduku kidogo kilichozungukwa na mishale, na mtu aliyetaka kuona mtaa wa upande wa mashariki alibonyeza mshale, akasubiri ukurasa wote upakuliwe upya, kisha mara nyingi akagundua kwamba amepitiliza. Watu wengi waliitumia kwa ajili ya maelekezo ya safari, ambayo waliyachapa kwenye karatasi na kuyaweka garini. Upungufu huo wa upande wa uso wa ramani ndio uliowapa nafasi waliokuja baadaye, kwa sababu takwimu za barabara zilikuwapo tayari na kilichokosekana ni namna nzuri ya kuzitazama.

Vigae vya Sydney, 2003–2005

Mwaka 2003 ndugu wawili kutoka Denmark, Lars na Jens Rasmussen, pamoja na Waaustralia Noel Gordon na Stephen Ma, walianzisha huko Sydney kampuni ndogo iliyoitwa Where 2 Technologies. Programu waliyoitengeneza mwanzoni haikuwa ya wavuti, bali ilikusudiwa kusakinishwa ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Walipoipeleka kwa Google, walielezwa kwamba kampuni hiyo ilipenda vitu vinavyofanya kazi ndani ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za wavuti, nao wakaiandika upya kwa masharti hayo. Google iliinunua kampuni yao mwezi Oktoba 2004, mwezi ule ule ilipoinunua pia Keyhole, kampuni ya California iliyokuwa na hazina ya picha za setilaiti, na tarehe 8 Februari 2005 huduma ya Google Maps ikatangazwa kwa umma.

Ubunifu wake mkubwa ulikuwa matumizi ya vigae. Ramani nzima ilichorwa mapema kwenye seva, kisha ikakatwa vipande vya mraba vyenye pikseli 256 kwa 256, pikseli ikiwa ndiyo nukta ndogo kabisa inayounda picha ya kwenye skrini. Katika kiwango cha chini kabisa cha ukuzaji dunia yote iliingia katika kigae kimoja, na kila kiwango kilichofuata kiligawa kila kigae kuwa vinne. Mtu alipoiburuta ramani kwa kipanya, kivinjari kilileta vigae vilivyokosekana tu, bila kuupakua ukurasa mzima upya, na kwa hiyo ramani ilionekana kama kitu kimoja kisicho na mwisho. Mbinu iliyowezesha jambo hilo, ya ukurasa kuomba data kimyakimya huku ukiendelea kuonekana, ilipewa jina la Ajax na Jesse James Garrett mwezi huo huo wa Februari 2005, naye aliitaja Google Maps miongoni mwa mifano yake mikuu.

Jambo moja katika mpango huo linastahili kusisitizwa, kwa kuwa ndilo lililokuja kugeuzwa miaka minane baadaye. Kazi nzito yote, yaani kuchora barabara, kupanga majina na kuchagua rangi, ilikwisha kufanyika kwenye seva za kampuni. Kompyuta ya mtumiaji ilibakiwa na kazi ya kupanga picha zilizokwisha kukamilika. Mashine kuukuu ya ofisini, au ile ya kukodi kwa saa katika duka la intaneti la Mombasa au Mwanza, ilimudu ramani hiyo maadamu mawasiliano yalikuwapo.

Mazoea yanapojengeka, 2005–2011

Watumiaji wa nje waliichukua huduma hiyo na kuifanya yao kwa haraka ambayo wenyewe walioiunda hawakuitazamia. Mwezi Aprili 2005 Paul Rademacher, mtaalamu wa programu wa California, aliufumbua msimbo wa ramani hiyo bila ruhusa ya mtu, akaunganisha matangazo ya nyumba za kupanga na mahali zilipo, na tovuti yake ya HousingMaps ikawa mfano ulioigwa kote. Badala ya kumshtaki, Google ilimwajiri, na mwezi Juni ikatoa kiunganishi rasmi, yaani utaratibu unaoiruhusu programu moja kuomba huduma kutoka programu nyingine, ili kila mwenye tovuti aweze kuiweka ramani katika kurasa zake bila malipo. Uamuzi huo ulizaa mamia ya maelfu ya tovuti zilizoegemea ramani ya kampuni moja, na ndio uliofanya kila badiliko la baadaye liguse watu wengi kuliko wale waliofungua tovuti ya Google yenyewe.

Zana nazo ziliongezeka. Mwaka 2007 peke yake ulileta uwezo wa mtu kuchora ramani zake binafsi juu ya ramani ya msingi, uwezo wa kuivuta njia ya safari kwa kipanya ili ipite mahali anapotaka, na picha za mitaani zilizoanza mwezi Mei katika miji mitano ya Marekani, ambazo baadaye zilifunguliwa kwa kumdondosha barabarani mwanasesere mdogo wa manjano. Baadaye yakaja matabaka, yaani taarifa zinazowekwa juu ya ramani na kuondolewa kwa hiari, kama vile hali ya hewa, picha, makala za Wikipedia na njia za baiskeli, pamoja na sehemu ya majaribio iliyokuwa na kifaa cha kupimia umbali na kingine cha kuonyesha latitudo na longitudo. Orodha ya mahali palipotafutwa ilikaa upande wa kushoto, ramani kulia, na kipimio cha ukuzaji kilionyesha wazi mtu amefika ngazi ya ngapi.

Kwa mtazamaji wa kupita zana hizo zilikuwa vitu vidogo, lakini kwa mwalimu wa jiografia, mpanga safari za malori au mtafiti wa afya aliyekuwa akihesabu umbali wa vijiji kutoka zahanati, zilikuwa ndizo kazi yenyewe. Ujuzi wa kuzitumia haukufundishwa darasani. Ulijengeka mkononi kwa miaka, kwa kurudia, mpaka mtu akaacha kuufikiria.

Wakati huo huo kitovu cha huduma kilikuwa kikihama. Simu ya iPhone iliyotoka Juni 2007 ilikuja na ramani za Google ndani yake, na mwezi Oktoba 2009 Google ilitangaza maelekezo ya sauti ya bure kwa madereva wenye simu za Android, tangazo lililoziporomosha siku hiyo hisa za Garmin na TomTom, watengenezaji wa vifaa vya kuongozea magari. Skrini ya simu ni ndogo, na mwenye simu huwa anatembea au anaendesha, hivyo hana haja ya kuisoma ramani kwa utulivu bali kuambiwa wapi pa kukata kona. Desemba 2010 ramani ya Android iliacha vigae vya picha na kuanza kutumia vekta, maana yake maelezo ya kihesabu ya mistari na maumbo ambayo kifaa cha mtumiaji chenyewe huyachora. Vekta hupunguza data inayosafirishwa, huiruhusu ramani kuzungushwa na kuinamishwa, na, lililo kubwa zaidi kwa kampuni, huiwezesha kumchorea kila mtu ramani iliyo tofauti na ya mwenzake.

Onyo la kwanza na la pili, 2011–2012

Kabla ya mageuzi makuu yalitangulia matukio mawili yaliyoonyesha jinsi utegemezi ulivyokwisha kuwa mkubwa. La kwanza lilikuwa la bei. Mwezi Oktoba 2011 Google ilitangaza kwamba tovuti ambazo ramani zake zinafunguliwa zaidi ya mara 25,000 kwa siku zitaanza kulipia, na kampuni ya Foursquare, iliyokuwa ikiwasaidia watu kutaja mahali walipo, ikahamia mwanzoni mwa 2012 kwenye ramani zilizotokana na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004 ambao ramani yake huchorwa na wananchi wa kujitolea na kutolewa bure kwa yeyote. Google ilishusha bei miezi michache baadaye, lakini njia ya kutokea ilikuwa imekwisha kuonekana.

La pili lilitokea Septemba 2012, pale Apple ilipoiondoa ramani ya Google katika simu zake na kuweka yake yenyewe. Makosa yake yalikuwa ya wazi: miji iliyohamishwa, madaraja yaliyoonekana kuyeyuka, vituo vya reli vilivyokosekana. Mwezi Desemba polisi wa jimbo la Victoria nchini Australia waliwaonya madereva waliokuwa wakienda mji wa Mildura, kwa sababu ramani hiyo iliwapeleka ndani ya hifadhi ya Murray-Sunset, kiasi cha kilomita 70 kutoka mji wenyewe, mahali pasipo na maji na penye joto linaloweza kufikia nyuzi 46 za Selsiasi. Mkuu wa Apple, Tim Cook, alikuwa ameomba radhi hadharani tarehe 28 Septemba na hata kuwashauri wateja watumie ramani za washindani wake. Google iliporejesha programu yake kwenye simu hizo katikati ya Desemba, ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 10 ndani ya siku mbili.

Sakata la Apple lilifundisha somo nusu tu. Wengi, yaelekea pamoja na Google yenyewe, walielewa kwamba ramani mbaya ni ile yenye takwimu za uongo. Haikuzingatiwa kwamba ramani yenye takwimu sahihi nayo inaweza kumwangusha mtumiaji, ikiwa amenyimwa namna ya kuzifikia.

Mei 2013: ramani inayomjua mtazamaji

Tarehe 15 Mei 2013, katika mkutano wake wa mwaka na watengenezaji wa programu huko San Francisco, Google ilionyesha ramani mpya kabisa ya kompyuta. Ramani iliijaza skrini nzima. Paneli ya kushoto ilitoweka, na badala yake kukawa na kisanduku kidogo cha kutafutia kinachoelea juu ya ramani, ambacho kilishusha kadi za taarifa kila mahali palipobonyezwa. Ahadi kuu ilikuwa kwamba ramani itajirekebisha kwa kila mtu: itazikoleza barabara zinazoelekea mahali alipopachagua na kuzififisha nyingine, na itatanguliza mikahawa na maduka yanayolingana na mazoea yake kama yalivyohifadhiwa katika akaunti yake. Mwanzoni toleo hilo lilitolewa kwa mwaliko, kisha katika majira yale ya katikati ya mwaka likafunguliwa kwa kila aliyelitaka.

Sababu za mageuzi haya zinaeleweka, na si haki kuyahesabu kuwa ukaidi mtupu. Kampuni ilikuwa na ramani ya simu inayochorwa kwa vekta na ramani ya kompyuta inayopangwa kwa vigae, na kuzitunza mbili zenye misingi tofauti kulikuwa na gharama. Majengo ya sura tatu, yaliyokuwa katika programu ya pembeni ya Google Earth, sasa yaliweza kuingizwa ndani ya kivinjari kwa njia ya WebGL, teknolojia inayokiruhusu kivinjari kuiamrisha moja kwa moja kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayoshughulikia picha. Tena ramani inayomjua mtazamaji ni mahali pazuri pa kuweka matangazo ya biashara. Lakini gharama ya kazi ya kuchora, ambayo tangu 2005 ilibebwa na seva, sasa ilihamishiwa kwenye mashine ya mtumiaji. Wenye kompyuta mpya waliona ramani ikiteleza kwa ulaini wa kupendeza, na wenye kompyuta za miaka mitano au zaidi waliona ikikwama, feni ikivuma na kivinjari kikiganda, na Google ilipotambua jambo hilo iliwawekea hali nyepesi isiyokuwa na sehemu kubwa ya mambo mapya yaliyosifiwa.

Uzito huo ungeweza kuvumiliwa kwa kutarajia kwamba mashine zitabadilishwa siku moja. Lililowaudhi watumiaji wa kazi ni orodha ya vitu ambavyo havikuwamo. Toleo jipya lilipoanza halikuweza kupanga safari yenye vituo vingi, jambo lililolifanya lisifae kwa msambazaji wa mizigo. Mwanasesere wa manjano hakuwapo, na njia mbadala ya kufikia picha za mitaani ilibidi mtu aigundue mwenyewe. Kipimio cha umbali cha sehemu ya majaribio kilitoweka pamoja na sehemu yenyewe, na matabaka kadhaa, likiwamo la hali ya hewa, hayakuonekana tena. Orodha ya matokeo, iliyokuwa ikisomwa sambamba na ramani, sasa ilifungwa ndani ya kadi zilizoifunika ramani hiyo hiyo. Ramani binafsi zilihamishiwa kwenye huduma nyingine iliyopewa jina jipya, ambalo nalo lilibadilishwa tena mwaka 2014.

Upande wa simu, toleo lililotoka Julai 2013 lilifuata mwelekeo ule ule kwa namna iliyoumiza zaidi nchi zenye mawasiliano hafifu. Kitufe cha kuhifadhi eneo la ramani ili lisomeke bila intaneti kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa amri iliyofichika: mtu alitakiwa aandike maneno maalumu katika kisanduku cha kutafutia, kana kwamba anatafuta mahali, ndipo ramani ihifadhiwe. Hakuna mtumiaji ambaye angeweza kuyabuni maneno hayo peke yake. Malalamiko yalikuwa mengi na ya haraka kiasi kwamba kiungo kinachoonekana kilirudishwa baada ya muda mfupi. Kwa msafiri wa kutoka Dodoma kwenda Kigoma, au mfanyakazi wa mashirika ya misaada huko Kivu, ramani inayobaki simuni mtandao unapokatika si starehe. Kwamba uwezo huo uliweza kuondolewa katika muundo mpya kunaonyesha ni watumiaji wa wapi waliokuwa mbele ya macho ya wabunifu, na ni wa wapi ambao hawakuwamo kabisa.

Kufungwa kwa toleo la zamani, 2013–2015

Kuanzia katikati ya 2013 hadi masika ya 2015 palikuwa na kipindi cha mpito ambacho ramani mbili ziliishi pamoja. Mwezi Novemba 2013 mwanasesere alirudishwa pamoja na safari za vituo vingi. Tarehe 19 Februari 2014 Google ilitangaza kwamba ramani mpya inasambazwa kwa watumiaji wote wa kompyuta duniani. Asiyeipenda aliweza kurudi kwenye ile ya zamani, lakini kwa kiungo kilichowekwa ndani ya menyu ya msaada, katika kona ya chini, mahali ambapo mtu aliyepotea ndipo angekwenda mwisho. Mwezi Julai 2014 kifaa cha kupimia umbali nacho kikarudi.

Urejeshaji huu wa kidogo kidogo unathibitisha mambo mawili kwa pamoja. Unathibitisha kwamba kampuni ilisikiliza, kwa kuwa karibu kila kilichorudi kilikuwa kimetajwa kwa jina na watu waliokikosa. Unathibitisha vilevile kwamba watu hao walikuwa na haki tangu mwanzo, kwa sababu chombo ambacho hakina maana hakirudishwi. Hoja kwamba lilikuwa suala la mazoea tu ingekuwa na nguvu kama watumiaji wangetulia baada ya kuzoea huku ramani ikibaki vile vile ilivyozinduliwa, lakini haikubaki hivyo: ilipunguza manung'uniko kwa kuwarudishia watu walichokuwa nacho.

Si kila kitu kilirudi. Mwishoni mwa Aprili 2015 Google ilianza kulifunga toleo la zamani, na watu waliokuwa wamebaki humo kwa hiari yao kwa karibu miaka miwili wakahamishwa. Mtu mwenye ramani ya karatasi ya mwaka 1980 angali anaweza kuifungua mezani na kupima juu yake kwa rula, na mwenye programu ya zamani iliyosakinishwa anaweza kukataa kuisasisha. Ramani ya wavuti haina nakala iliyo mikononi mwa mtumiaji, na ndiyo maana ile ya 2005, mojawapo ya kazi za kompyuta zilizotumiwa na watu wengi zaidi katika kizazi chake, haiwezi kufunguliwa tena na mtu yeyote asiye mwajiriwa wa kampuni hiyo.

Waliochora wenyewe: Kibera, Dar es Salaam na ramani huria

Katika Afrika Mashariki suala hili lilikuwa na sura ya pekee, kwa sababu sehemu ya ramani za Google ilichorwa na wenyeji. Huduma ya Map Maker, iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya nchi ambazo hazikuwa na takwimu za barabara za kununuliwa, ilifunguliwa baadaye kwa nchi nyingi za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, na watu wa kujitolea walichora mitaa, shule na hospitali za miji yao bila malipo. Mchango huo uliingia katika mali ya kampuni. Mwezi Mei 2015, baada ya maumbo ya kejeli kuchorwa katika ramani ya Pakistan, uhariri ulisimamishwa kwa muda duniani kote, na tarehe 31 Machi 2017 Map Maker ikafungwa moja kwa moja, kazi za kuhariri zikihamishiwa kwenye ramani kuu yenye zana chache zaidi.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha kufunguliwa Nairobi. Mwishoni mwa 2009 vijana wa Kibera, wakisaidiwa na Mikel Maron na Erica Hagen, walitembea na vifaa vya GPS vichochoroni na kuchora mtaa wao ndani ya OpenStreetMap, wakionyesha vyoo, vibanda vya maji, zahanati na shule katika eneo ambalo hadi siku hizo lilikuwa tupu katika ramani hiyo. Mwaka 2011 kazi kama hiyo ilifanyika Tandale, Dar es Salaam, na mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliowaunganisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia. Walichora majengo, njia za miguu na, kwa uangalifu mkubwa, mifereji, kwa kuwa mpango wowote wa kukabili mafuriko huanza kwa kujua maji yanapita wapi.

Haitakuwa kweli kusema kwamba miradi hii ilizaliwa na hasira dhidi ya muundo mpya wa Google, maana mingine ilitangulia na kiini chake kilikuwa umaskini wa takwimu. Uhusiano uliopo ni wa kanuni. Tovuti ya OpenStreetMap nayo hubadilishwa sura mara kwa mara, na mabadiliko hayo pia huwa na wapinzani wake, lakini data iliyo chini yake inaweza kunakiliwa yote na kuonyeshwa kwa sura yoyote na programu yoyote. Mtu asiyeridhika na sura moja hubadilisha sura bila kupoteza ramani.

Baada ya 2015

Mageuzi hayakukoma. Mwaka 2016 mchoraji ramani Justin O'Beirne alilinganisha ramani za Google za 2010 na za wakati ule, akaonyesha kwamba majina ya miji yalipungua sana huku barabara zikizidi, hata ikawa vigumu kulitambua eneo kwa kulitazama tu. Mwaka 2018 ulileta kheri na shari: mwezi Agosti ramani ya kompyuta ilianza kuionyesha dunia kama tufe inapopunguzwa hadi mwisho, hivyo kuondoa upotoshaji wa Mercator, ile namna ya kuisawiri dunia juu ya bapa inayoikuza Greenland ikakaribia kulingana na Afrika. Mwezi mmoja kabla, Julai, yalianza masharti mapya ya kiunganishi, ambayo yalipunguza matumizi ya bure kutoka ramani 25,000 kwa siku hadi takriban 28,000 kwa mwezi, na kumtaka kila mwenye tovuti, hata ndogo namna gani, aweke akaunti ya malipo. Katika nchi ambazo malipo mengi hupitia simu za mkononi na kadi za benki za kimataifa ni za wachache, sharti hilo lilikuwa kizuizi kwa wanafunzi na mashirika madogo. Tovuti ambazo hazikutimiza masharti zilibaki na ramani iliyotiwa giza na maandishi ya onyo juu yake.

Mwaka 2023 rangi za ramani zilibadilishwa tena, barabara zikawa za kijivu na maji yakaelekea kwenye kijani, na safari hii miongoni mwa waliokosoa hadharani alikuwamo Elizabeth Laraki, aliyewahi kuwa mbunifu wa huduma hiyo hiyo miaka ya 2000, ambaye pamoja na kukosoa rangi alihesabu vitu 11 vilivyowekwa juu ya skrini ya simu na kuifunika ramani. Hoja yake ilikuwa ile ile ya 2013, kwamba ramani inapaswa kuonekana kwanza.

Google Maps imebaki kuwa ramani ya mtandaoni inayotumiwa na watu wengi kuliko nyingine yoyote, na kwa hesabu ya idadi mageuzi ya 2013 hayawezi kuitwa kushindwa. Kwa hesabu ya haki kwa watumiaji, yalikuwa kosa: zana zilipaswa kuwa tayari katika ramani mpya kabla ya ile ya zamani kuanza kuondolewa, na miaka miwili ya kuzidai moja moja ilikuwa mzigo ambao haukupaswa kuwaangukia watu waliokuwa wakifanya kazi zao. Mifereji iliyochorwa na wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam ingali katika OpenStreetMap, chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuichukua.